Lile Vazi Nene Liache Kitini

Didia, Jumatano alasiri

Mwanangu Kabula,

Umekwenda na mama yako kumuaga bibi yako, na nyumba imebaki na watu wawili, mimi na begi lako. Umelisimamisha karibu na mlango, limefungwa mikanda yote, kama mgeni aliyekwisha kuaga anayesubiri tu mvua ipungue. Nimelitazama tangu mlipotoka. Nimeona afadhali nikae niandike, maana hili ninalotaka kukuambia nikilianza kwa mdomo nitalikatisha katikati na kukuuliza kama umekunywa chai.

Ya njiani sina la kusema. Mama yako ameyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Mjomba wako Masanja atafika alfajiri na pikipiki yake akupeleke stendi ya Shinyanga, na hilo ukilipinga utakuwa umemtukana. Kuhusu kazi yako ya Mtwara, wewe umesomea samaki na bahari, mimi nimezeeka nikipanga vitabu vya chuo cha ualimu kwenye rafu. Hapo mwenye kufundisha ni wewe. Nataka kusema juu ya zile siku sita zilizo kati ya nyumbani na kazi, mtakazokuwa Mafia wewe na wenzako watatu, mkizamia. Nataka kusema juu ya nguo utakayovaa ndani ya maji. Nguo hiyo nilikuchagulia mimi, nikakosea, na wewe umeikunja ukaiweka chini kabisa ya begi bila kusema neno.

Najua imo. Sikulifungua begi lako. Nitakueleza nilivyojua, ila niache nianze mwanzo.

Uliporudi mwezi uliopita ulikaa sebuleni ukimsaidia mama yako kuchambua mchele, ukatueleza habari za safari hiyo. Ulisema maji ya kule wakati huu yana joto la nyuzi ishirini na saba hivi, na kwamba mtu asiyejua angeingia na fulana tu. Ila kwa kuwa mtazamia mara tatu kwa siku, na siku zinafuatana, utakodi vazi la mpira la milimita tatu, linalofika vifundoni na viganjani. Mama yako akauliza kama vazi lenyewe linabana, na kama hao wenzako wa kiume nao watakuwepo. Ukamwambia, "Mama, kule chini kila mtu ana shughuli ya kupumua." Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Mimi sikucheka. Katika maneno yako yote nilisikia moja tu, maji, na papo hapo nikajiona mwenye habari.

Unajua nilikozaliwa. Nimekuonyesha kwenye ramani, pale mstari wa ziwa unapoingia ndani upande wa magharibi wa Geita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba yangu alipofariki, na mama akatuchukua kwenda kwa kaka yake machimboni. Nyumba yetu ya ziwani sijaiona tena, na nasikia hata msingi wake haupo. Tangu hapo nimeishi kwa watu. Hapa Didia nina zaidi ya miaka thelathini, nimeoa hapa, nimezika hapa, nasalimia kwa Kisukuma bila kufikiri, na bado nikipita kwenye mashine ya kukoboa wananiita Mzinza. Wananiita kwa mapenzi, silalamiki. Lakini mtu aliyehama mapema hivyo hutafuta kitu kimoja akishikilie kiwe chake. Wengine hushikilia lugha, wengine chakula. Mimi nilishikilia maji. Mimi ni mtoto wa ziwa, hawa ni watu wa ng'ombe na pamba na majaruba ya mpunga. Habari za maji mniulize mimi. Nimelisema hilo mara nyingi mbele yako ukiwa mdogo, hata ulipokwenda kusomea uvuvi nikajipa sifa kwamba ni damu.

Basi Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini kutengeneza miwani, nikapita kwenye mitumba. Mama mmoja muuza makoti alikuwa ametundika vazi moja kwenye kamba peke yake, jeusi, zito, lina mstari wa buluu ubavuni, mikono imening'inia kama ya mtu aliyechoka. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni la waendesha pikipiki, la masika. Akaongeza, kwa uaminifu ambao sikuutarajia, kwamba bodaboda watatu wameshalijaribu, na wa mwisho ilibidi avuliwe na wenzake wawili, mmoja kila mguu.

Nikageuza ukosi. Ndani paliandikwa unene wake, milimita saba. Nililibana kwa vidole viwili, likarudi taratibu kama godoro jipya. Wewe ulikuwa umesema tatu. Nikajiambia, mwanangu anataka kujifunika tatu, baba yake amempatia saba. Kuhusu ukubwa sikusita hata kidogo. Unakumbuka sweta zako za shule ya msingi, zile zilizokufika magotini mpaka darasa la nne? Huku kwetu nguo ya mtoto hununuliwa mbele ya mwili wake, mwili uifuate. Nimekununulia hivyo viatu, sare, hata koti la mahafali. Sikuona kwa nini vazi la baharini liwe na desturi nyingine.

Siku ile jioni ulilivaa juu ya suruali yako ili kuniridhisha. Mama yako aliweka kikombe chini, akatazama matako ya lile vazi yalivyokuwa yametulia karibu na magoti yako, akasema, "Baba Kabula, umemnunulia mtoto hema." Nikamwambia atavaa nguo nyingine ndani, litajaa. Akasema basi na mwenzake wa safari aingie humo humo, wagawane nauli.

Ulisubiri acheke amalize. Kisha ukaniambia kwa adabu, hata sauti hukuipandisha, "Baba, vazi hili halizuii maji kuingia. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha moto, na vazi likikukaa vizuri yanabaki pale pale. Likiwa kubwa yanaingia na kutoka kila ukisogea, na kila mara unapasha mengine upya." Ukaeleza pia kwamba mpira mnene huelea, kwamba ningekuwa nimekulazimisha kubeba vizito vingi zaidi vya risasi kiunoni ili uzame, na kwamba kule chini mpira husinyaa na hesabu yote hubadilika.

Ulikuwa umenieleza yote kwa dakika moja. Mimi nikajibu kwamba nimeyajua maji kabla hujazaliwa.

Ukaniangalia kidogo. Halafu ukasema, "Sawa, baba."

Kabula, hayo maneno mawili ndiyo yaliyoninyima raha wiki hizi zote. Nilidhani ni kwa sababu nimeona hukuridhika. Siyo hilo. Ni kwamba nilikuwa nimeyasikia zamani, kwa sauti ile ile, yakitoka kwa mtu mwingine aliyekuwa ananiheshimu. Hilo ndilo sijawahi kukusimulia sawasawa. Unachojua ni kwamba mjomba wako aliumia mguu machimboni na kwamba mimi ndiye niliyemleta nyumbani. Ni kweli, na ni nusu tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa watano kwenye duara moja, shimo la kuchimbia, upande wa Geita, na Masanja ndiye alikuwa mgeni kati yetu, miezi minne tangu atoke Didia. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu, akaniita kaka tangu siku ya kwanza. Duara lenyewe halikuwa refu, kama watu wanne wakisimama mabegani, lakini tulikuwa tumefika kwenye mwamba tulioungoja muda mrefu, na mvua za kwanza zikaja zikalijaza mpaka kifuani. Pampu tulikuwa nayo moja, na mdomo wa bomba lake ulikuwa unaziba kwa tope kila baada ya muda mfupi. Ilibidi mtu asimame kule chini ndani ya maji, ausafishe kwa mikono, asubiri, ausafishe tena.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na kikohozi, au nilisema nina kikohozi. Baada ya miaka mingi hivi sijui tena. Masanja akajitolea. Alikuwa amevaa sweta la sufu, la kahawia, ambalo dada yake alikuwa amemfumia. Kwenye machimbo yetu watu walishuka kifua wazi. Aliyeshuka na nguo nyingi aliulizwa anakwenda harusi ya nani, na Masanja alikuwa ameshaulizwa mara kadhaa. Akataka kushuka nalo. Mimi niliteremka ngazi chache, nikachovya mkono kwenye maji, nikaona hayana baridi. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya ziwa asubuhi. Nikapanda nikamwambia, "Vua hilo, litakulemea. Maji haya hayana baridi, mimi ni mtoto wa ziwa."

Akasema, "Sawa, kaka." Akalivua akanipa.

Alikaa mle zaidi ya saa moja na nusu. Mwanzoni alikuwa anaimba na kututukana. Kisha akawa anajibu tu akiulizwa. Kisha majibu yake yakawa ya kukokota, maneno yameshikana, na sisi tukacheka tukisema Masanja amekunywa nini huko. Nilimuuliza kama apande, akasema bado kidogo. Nilipaswa kujua. Mtu aliyekuwa anatetemeka ameacha kutetemeka, na maji bado ni yale yale. Hiyo si nafuu. Leo naweza kukueleza hilo kwa mpangilio, nimelisoma katika vitabu viwili. Siku ile nilifurahi kwamba amezoea.

Maji yalipopungua tulimteremshia kamba. Alijifunga, au sote tuliamini amejifunga. Vidole vyake vilikuwa havifungi tena fundo, wala havikumwambia kwamba havikufunga. Tulimvuta karibu nusu ya njia kamba ikamwachia, akaangukia kwenye mwamba uliokuwa umetokeza. Tulipomtoa alikuwa na mguu uliovunjika mahali pawili na mwili ulio baridi kama wa samaki. Mtu mmoja mzee wa duara la jirani, ambaye jina lake sikuwahi kulijua, alitusukuma wote, akamkausha kwa blanketi, akalala naye kifua kwa kifua mpaka alipoanza tena kutetemeka. "Sasa anarudi," akasema. Namshukuru mzee yule kila ninapokumbuka, na nadhani alikufa bila kujua kwamba yupo mtu anayemshukuru.

Kilichobaki ndicho sijawahi kumwambia mtu. Wakati wote Masanja alipokuwa ndani ya maji, palikuwa na manyunyu juu na upepo, na mimi nilikuwa nimevaa lile sweta.

Alipotoka hospitali nilimleta Didia. Tulishuka kwenye lori, nikambeba mgongoni mpaka uani kwao. Msichana mrefu akatoka jikoni, akamwona kaka yake, akaona mguu, hakupiga kelele. Alinisalimia kwanza, kwa adabu zote za huku, mpaka salamu zikaisha. Halafu akauliza, "Sweta lake liko wapi?" Nikalitoa kwenye mfuko wangu. Akalipokea, akalinusa, akaniangalia kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Huyo ndiye mama yako. Nimeishi naye miaka yote hii nikijiuliza kama sufu ile ilimwambia nani aliivaa. Labda anajua na ananisubiri niseme mwenyewe. Nitamwambia wiki hii, ukishaondoka. Nimeona si haki wewe ulijue kwa maandishi naye abaki nje.

Sikurudi machimboni. Nilibaki kulima hapa hadi Masanja aweze kusimama, na alipoweza kusimama nikawa sina tena mahali pengine pa kwenda. Chuo kikatafuta mtu wa kufagia maktaba, nikafagia, nikaanza kusoma nilichokuwa nafuta vumbi. Ukiniuliza elimu yangu ilianzia wapi, ilianzia kwenye fundo la kamba ambalo halikufungwa. Sisemi kwamba kosa lile lilikuwa jema. Mjomba wako anachechemea, na kila masika mguu unamwamsha. Nasema tu kwamba yote niliyo nayo leo nimeyapata kwa watu walionipa baada ya kosa lile, na hakuna hata mmoja wao aliyelazimika kunipa.

Basi baada ya ile "sawa, baba" yako nilianza kuchunguza, kimyakimya, maana kiburi hakiondoki siku moja. Nilichukua chupa mbili za maji ya moto sawasawa. Moja nikaifunga sana kwa kipande cha godoro, nikakaza kwa uzi. Nyingine nikaivalisha kipande kinene mara mbili, lakini kimelegea. Nikaziweka zote kwenye beseni la maji ya kisima nikawa nazisukasuka. Mama yako akapita akaniuliza kama siku hizi naogesha chupa. Baada ya nusu saa nikazigusa. Ile ya kipande chembamba kilichokaza ilikuwa na moto bado. Ile nene iliyolegea ilikuwa imepoa kama vile haikuvaa kitu. Nikarudia siku ya pili, nikitumaini nimekosea kupima. Sikukosea. Nilikaa pale kwenye kigoda, mzee mzima, na beseni mbele yangu, nimefundishwa na chupa jambo ambalo mwanangu alinieleza bure sebuleni.

Hapo ningekuja nikuombe radhi ikaisha. Sikuja. Nikajidanganya kwamba utaliacha tu mwenyewe, kwamba mtoto mwenye akili kama wewe hatabeba mzigo usio na maana.

Jana Masanja alikuja kupanga safari ya kesho alfajiri. Ulikuwa kisimani. Akaliinua begi lako kupima kama litakaa kwenye pikipiki, akashangaa uzito, akabonyeza chini kwa kidole gumba mahali palipovimba. Analijua lile vazi, mama yako amekwisha kulisimulia hadithi yake mpaka kanisani. Akaliweka begi chini, akaja akakaa karibu nami. Unajua kwamba tangu nimuoe dada yake ananiita shemeji. Jana aliniita lile jina la zamani.

"Kaka," akasema, "mtoto atalivaa kwa sababu yako. Na mimi nilivua kwa sababu yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba kifungo cha shati lako kimefunguka. Kisha akaomba maji ya kunywa, tukazungumza habari za mpunga.

Mwanangu, hilo ndilo linalonifanya niandike. Siogopi bahari ya Mafia. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba ni maji ya joto, kwamba watakaowaongoza wanaijua kazi yao, na kwamba wewe umeshazamia mara kumi na mbili bila mimi. Ninaogopa kitu nilichokupakia mimi mwenyewe. Sisemi mpira. Mpira ungekuchosha, ungekufanya uelee, ungekupa baridi siku ya tatu, na pengine ungeishia kuuacha kwenye boti. Ninaogopa ile sawa. Nimekulea ukiisema vizuri mno. Wazee wote wa hapa wanakusifu kwa hiyo, na mimi nilijivuna pamoja nao.

Maana kule chini, siku ya nne hivi, baridi itakuja hata katika maji ya nyuzi ishirini na saba. Haitakuja kama baridi ya asubuhi, inayokupiga usoni ukakimbilia kanga. Itakuja kama ilivyomjia mjomba wako, kwa kuchota kidogo kidogo mahali usipotazama. Utaona umechoka bila sababu, hutaki kuangalia saa ya hewa yako, hutaki kujibu ishara. Na atakuwepo mtu unayemheshimu, mkubwa kwako au mzoefu kuliko wewe, pengine mtu mwema kama nilivyojiona mimi mwema, atakayekuonyesha kwa kidole kwamba bado kidogo, kuna kasa nyuma ya matumbawe yale. Na wewe mkono wako utajua kuonyesha sawa kabla hujafikiri.

Vazi lako lichague kwa mwili wako mwenyewe. Haya unayajua, na nimeyasoma tu ili nisione aibu mbele yako: chuchumaa nalo, inua mikono, ona kama mgongoni na kwapani pamebaki mfuko wa hewa; na shingoni lisikubane hata uhesabu pumzi. Ukiona tatu ni nyepesi siku za mwisho, vaa fulana ya mpira ndani au kofia ya kufunika masikio, na ukitoka majini likaushe au livue, upepo wa kwenye boti usikumalizie kazi. Mwenzako mmoja akiingia na fulana tu na haoni baridi, huo ni mwili wake. Wako umetoka kwa mama yako, ambaye huvaa sweta mwezi wa kumi na mbili. Usione haya. Hakuna atakayekuuliza unakwenda harusi ya nani. Na akikuuliza, mwambie ya mjomba wako.

Nimesoma tena nilichoandika, nikaona kimeelemea kwenye makosa, kama vile ninayejuta ni mimi tu na wewe upo pembeni. Sivyo ninavyojisikia. Ninavyojisikia leo alasiri, nikiwa peke yangu na begi hili, ni shukrani, na sikuzoea kuiandika. Nakushukuru kwa ile dakika moja uliyonieleza ukweli kabla ya kusema sawa; Masanja hakuwa na dakika hiyo, sikumpa. Nakushukuru kwamba ulilivaa lile hema mbele ya mama yako ukijua atacheka. Nakushukuru kwa kuyapenda maji. Nilitoka ziwani mtoto nikadhani nimeyaacha kule, kumbe yalikuwa yanazunguka njia ndefu, yamepita kwenye duara, yamepita Didia penye vumbi, yamekufikia wewe. Wewe utaingia ndani yake kwa hiari yako, kwa furaha, umevaa nguo inayokutosha, na utatoka ukiwa na vidole vinavyofunga fundo. Katika ukoo wetu wa maji, wewe utakuwa wa kwanza. Neno la shukrani ambalo nalipenda kuliko la Kiswahili na la Kizinza nimefundishwa na watu wa hapa walionipokea, nami nakuachia hilo: wabeja, ng'wanawane. Wabeja sana, mwanangu.

Naomba mambo mawili, madogo.

Kabla hujalala fungua begi, ulitoe lile vazi, ulitundike kwenye kiti changu cha uvivu. Mama yako ameshaligawa kichwani: vipande vya kupigia magoti wakati wa kupandikiza mpunga, na kimoja cha kiti cha pikipiki ya Masanja, kwa ajili ya mguu wake. Hapo litakuwa limepata maji yanayolifaa.

La pili ni kesho asubuhi. Nitakuwa mlangoni, na kama kawaida yangu nitakuwa nimesahau kila kitu nilichoandika hapa. Nitakuambia ulichukue tu, huwezi kujua, litakufaa. Najijua. Usilichukue, wala usiliache kimyakimya nikilikuta baada ya pikipiki kuondoka. Nitazame usoni, uniambie, "Hapana, baba." Usipunguze sauti na usitabasamu. Sijawahi kulisikia kutoka kwako na nataka liwe la kwanza hapa nyumbani, kwa mtu ambaye hatakukasirikia, ili siku utakapolihitaji kule chini, ambako mdomo umefungwa na ni mkono tu unaosema, liwe limekwisha kuzoea kutoka.

Ukishalisema, nitakufungia kofia ya pikipiki, na utakwenda.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anamsalimia kila mtu. Nakunja.

Baba yako